Kuku Akifa Nyumbani, Afanyiwe Nini?



Mazungumzo haya yahusu jambo ambalo watu wengi huliona dogo, nalo ni mzoga wa kuku. Mabwana wa mifugo husema mara kwa mara juu ya kuku aliye hai: namna ya kumlisha, kumjengea banda, kumchanja na kumpeleka sokoni. Juu ya kuku aliyekufa husemwa machache. Lakini hakuna nyumba ifugayo kuku, kutoka Nanyuki hata Murang'a, na kutoka Othaya hata Meru, isiyofikiwa na asubuhi ile ambayo mlango wa banda hufunguliwa, na kuku mmoja akaonekana amelala chini, miguu imekakamaa. Saa ile mwenye nyumba hana budi kukata shauri. Shauri jema laweza kuwaokoa kuku wa kijiji kizima, na shauri baya laweza kuwamaliza.

Mara nyingine kuku huyo si wa biashara. Katika nyumba nyingi yuko kuku mmoja mwenye jina. Alikuwa zawadi ya nyanya kwa mjukuu wakati wa likizo. Akazoea kula mahindi katika kiganja cha mtoto, akamfuata mpaka jikoni, na kila alfajiri akasimama mlangoni kumngoja. Kuku wa namna hiyo hachinjwi upesi, hata wageni wakija. Basi akifa, watu wa nyumba hiyo hupatwa na mambo mawili kwa pamoja: huzuni ya mtoto, na mashaka ya wakubwa juu ya mwili ule. Mambo yote mawili yanastahili jibu.

Na mtu asidhani kwamba mali inayozungumzwa hapa ni kidogo. Hesabu ya watu na mifugo ya mwaka 2009 ilionyesha kwamba Kenya ilikuwa na kuku wa kienyeji zaidi ya milioni 25, na kuku wa gredi zaidi ya milioni 6. Sehemu kubwa ya kuku wa kienyeji hutunzwa na akina mama na watoto. Kwa kuku hao hununuliwa chumvi, sabuni na madaftari, na usiku wa ugonjwa hupatikana nauli ya kwenda hospitali. Mama mjane mwenye kuku kumi na wawili ana akiba yake bandani kama vile mwingine alivyo na akiba yake benki. Ugonjwa ukiingia siku ya Jumatatu, huenda Jumatatu ya pili akiba hiyo isiweko tena.

NJIA NNE ZISIZOFAA

Kuku akifa, watu hushika mojawapo ya njia nne, nazo zote zina madhara.

Njia ya kwanza ni kumla. Mtu husema: "Jana jioni alikuwa mzima akiparua shambani, kwa nini nyama ipotee bure?" Maneno haya yana nguvu katika nyumba ambamo nyama huonekana siku za sikukuu tu, wala si haki kumcheka anayeyasema. Hata hivyo wazee wa mataifa mengi walilikataa jambo hilo tangu zamani. Waislamu huita nyama ya namna hiyo kibudu, na kwao ni haramu. Sheria ya Musa nayo iliwakataza Waisraeli kula mnyama aliyekufa mwenyewe. Watu wa miteremko ya Mlima Kenya wajua kwa machozi yao habari za kimeta, ugonjwa ambao umewaua watu waliokula nyama ya ng'ombe aliyeanguka zizini.

Elimu ya leo yaeleza sababu. Kuku aliyechinjwa hutokwa na damu, akatolewa matumbo mara moja. Kuku aliyekufa mwenyewe hubaki na damu yake yote, na vijidudu vya matumboni huanza kuenea mwilini tangu saa ile. Kweli, moto mkali huua vijidudu vingi. Lakini kabla ya nyama kufika motoni, yuko mtu aliyemshika, akamnyonyoa manyoya, akampasua; damu imegusa kisu, ubao na sinia, na huenda kisu kilekile kikakatia sukuma wiki. Tena ziko sumu ambazo hazitoki kwa kuchemshwa. Ikiwa kuku aliokota sumu ya panya, au mbegu zilizotiwa dawa, au alikunywa maji ya pampu ya kunyunyizia mimea, sumu hiyo itakuwa ndani ya mchuzi.

Kuna na hatari iliyo kubwa kuliko hizo. Mwaka 1997, katika Hong Kong, homa ya ndege ya aina iitwayo H5N1 iliwashika watu 18, na 6 kati yao wakafa. Tangu mwaka 2003 homa hiyo imewaua watu zaidi ya 400 katika nchi mbalimbali, na wengi wao walikuwa wamewashika, wamewanyonyoa au wamewachinja kuku wagonjwa au waliokufa. Januari 2017 homa ya aina nyingine, H5N8, iliwaua ndege wa porini kando ya Ziwa Victoria katika Uganda, na kuku wa kufugwa pia. Kenya ikazuia kwa muda kuku na mayai kutoka nchi hiyo. Ziwa hilo si mbali, na ndege wa angani hawaulizwi hati ya kusafiria.

Njia ya pili ni kumuuza. Wako wachache ambao humnyonyoa kuku aliyekufa, wakampaka manjano, wakampeleka hotelini. Huu ni wizi, tena wizi unaoweza kuua. Sheria ya chakula na dawa, Sura ya 254 ya Sheria za Kenya, inakataza kuuza chakula kisichofaa kuliwa na binadamu. Mwenye hoteli anayenunua kuku bila kujua alichinjwa wapi hujitia katika hatia ileile.

Njia ya tatu ni kumpa mbwa. Watu wengi huiona kuwa njia ya busara, kwa kuwa mbwa hushiba na mzoga huondoka. Lakini mbwa hali mahali pamoja. Huburuta bawa mpaka kwa jirani, huacha manyoya njiani, na kichwa hukiangusha karibu na banda la kuku wengine. Ikiwa kuku alikufa kwa sumu, mbwa naye huenda akafa. Na mbwa aliyezoea kula kuku aliyekufa hachelewi kumjaribu aliye hai. Siku hiyo ugomvi wa majirani utafika mpaka kwa chifu.

Njia ya nne ni kumtupa: nyuma ya ua, kando ya barabara, ndani ya mtaro, au mtoni. Atupaye mtoni hudhani maji yataondoa kila kitu. Na akumbuke maji hayo yaendako. Mto Chania upitao Nyeri huingia Sagana, na Ragati upitao Karatina huingia Sagana vilevile. Sagana ndiyo iwayo Tana, inayokwenda Garissa na kuishia Bahari ya Hindi. Njiani kote, watu huteka maji ya kunywa, ng'ombe hunyweshwa, na mashamba humwagiwa maji. Kilicho taka kwa mtu wa juu huwa kinywaji cha mtu wa chini.

MAMBO YAMEBADILIKA

Mzee mmoja aweza kuuliza: "Baba zetu walitupa mizoga porini, na wala hawakufa. Mbona leo iwe dhambi?" Swali hili ni la haki, na lina jibu.

Zamani nyumba zilikuwa mbalimbali, na msitu ulikuwa karibu. Fisi, mbweha na tai walifanya kazi ya kusafisha nchi usiku na mchana, na kilichotupwa jioni hakikuonekana asubuhi. Baadaye watu waliongezeka. Katika miaka ya 1950 mashamba ya Nyeri yalipimwa na kuunganishwa, kila jamaa ikapewa kipande chake. Tangu hapo vipande hivyo vimegawanywa kwa wana na wajukuu, hata leo wako wengi wenye ekari moja au chini yake. Fisi ameondoka, jirani amekuja. Banda la mtu mmoja na banda la mwenzake hutenganishwa na ua wa mimea tu, na kuku hawajui mpaka wa shamba. Yule mzee wa zamani alitupa mzoga kwa fisi; mtu wa leo akiutupa vivyo hivyo, anamtupia jirani.

MZOGA UNA HABARI YA KUSEMA

Kabla ya kushika jembe, mwenye kuku na ajiulize: huyu amekufa kwa sababu gani? Ikiwa alikuwa mzee wa miaka mingi, na wenzake wote wanakula vizuri, haifai kutishika. Ikiwa ana jeraha la meno, huenda nguchiro au paka-mwitu aliingia usiku, na dawa yake ni kutengeneza mlango wa banda. Lakini ikiwa jana alikufa mmoja, leo wawili, na wengine wamesimama wamejikunyata, manyoya yamesimama, wakitoa mavi ya kijani, wakihema kwa midomo wazi, au shingo zimepinda na mabawa yameanguka, basi ni lazima afikirie ugonjwa wa Newcastle.

Ugonjwa huo, ambao kwa Kiswahili huitwa kideri, na katika sehemu za Tanzania mdondo, ulijulikana na mabingwa mwaka 1926 katika kisiwa cha Java na karibu na mji wa Newcastle katika Uingereza, ndipo ulipopata jina lake. Katika Kenya ulitambuliwa mwaka 1935. Hauna dawa ya kuuponya. Katika kundi lisilochanjwa waweza kuua kuku 8 au 9 katika kila 10, na mara nyingine wote. Tangu kuingia mwilini hadi kuonekana hupita siku 2 hata 15, mara nyingi 5 au 6, na katika siku hizo kuku aonekanaye mzima yumo katika kuwaambukiza wenzake. Kirusi cha ugonjwa huo hukaa katika mavi, mate, manyoya na nyama. Hupenda baridi, katika ukungu wa mwezi wa Julai huko Tetu na Kieni huishi nje kwa muda mrefu kuliko penye jua kali. Husafiri katika matope ya viatu, matenga ya wachuuzi, magurudumu ya baiskeli, na hasa katika mizoga iliyotupwa ovyo.

Kwa hiyo kuku wengi wakifa pamoja, mwenye nyumba asizike kwa siri. Na apeleke habari siku ileile kwa afisa wa mifugo wa wadi au wa kaunti ndogo, au kwa chifu ili afikishe. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, yamtaka mwenye mnyama atoe habari akishuku ugonjwa wa kutangazwa, na kideri kimo katika magonjwa hayo. Watu wengine huogopa kwamba wakitoa habari wataadhibiwa. Mambo ni kinyume cha hayo. Anayetoa habari mapema huwapa majirani nafasi ya kufunga kuku wao, na anayeficha hugunduliwa wakati kijiji kizima kinapolia.

Daktari wa mifugo aweza kutaka mzoga mmoja upasuliwe na kuchunguzwa. Kwa watu wa Nyeri, Kirinyaga na jirani zao iko maabara ya serikali ya uchunguzi wa mifugo katika Karatina, na maabara kuu ya nchi ni ile ya Kabete. Mzoga wa kuchunguzwa lazima uwe wa siku hiyohiyo, uliowekwa mahali pa baridi na kufungwa katika chombo kisichovuja. Mzoga ulionuka haumwambii daktari neno. Na mtu asiupasue mwenyewe ili kuangalia maini, kwa maana atajipaka ugonjwa na kuumwaga uani.

NAMNA YA KUZIKA

Daktari akisema hana haja na mzoga, au ikiwa kuku alikufa peke yake na wenzake ni wazima, njia iliyo bora kwa mtu mwenye shamba ni kuuzika siku ileile. Kazi yenyewe ni ya nusu saa.

Kwanza, mzoga usishikwe kwa mikono mitupu. Aliye na glavu za mpira na azivae. Asiyekuwa nazo na atumie jani pana la mgomba, au mfuko wa karatasi wa unga uliokwisha. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku katika Kenya, na hata hivyo plastiki haifai kuzikwa, kwa kuwa huzuia mwili usioze na hubaki udongoni miaka mingi. Karatasi na jani huoza pamoja na kuku.

Pili, mahali pachaguliwe vizuri. Shimo lisiwe karibu na kisima, chemchemi au ukingo wa mto. Hatua 50 ni kipimo kizuri, na zaidi ni bora. Lisiwe mahali pa bondeni panapojaa maji wakati wa mvua za masika, wala pale kuku wengine wanapoparua, wala katika bustani ya mboga.

Tatu, shimo liwe la futi tatu kwenda chini. Mtu akichimba shimo la shubiri mbili, mbwa atalifukua kabla ya jogoo kuwika. Ndani ya shimo na uwekwe mzoga pamoja na manyoya yaliyoanguka, nyasi za kiota, na mavi yaliyokuwa chini yake. Ikiwa kuku alikuwa ameatamia na inashukiwa alikufa kwa ugonjwa, mayai yake yazikwe naye, yasiwekewe kuku mwingine. Juu yake na utupwe udongo kidogo, kisha chokaa au majivu ya jikoni ili kupunguza harufu na nzi, kisha udongo uliobaki. Udongo ukanyagwe barabara, na mawe makubwa yawekwe juu.

Wako wapendao kuchoma. Kuchoma ni kuzuri kama mzoga utakuwa majivu kabisa. Lakini mwili wa kuku una maji mengi, na moto mdogo wa takataka humbabua nje tu, ndani akabaki mbichi. Harufu ya nyama choma huwaita mbwa wa kijiji chote. Asiye na kuni za kutosha na azike. Wafugaji wakubwa wenye kuku wa gredi mamia huwa na shimo refu lililofunikwa kwa zege, au tanuru, au lundo la mboji linalotunzwa kwa ujuzi. Hao na waelekezwe na daktari wao.

Mwisho, mikono na ioshwe kwa sabuni na maji mengi. Kirusi cha kideri kimefunikwa na utando wa mafuta, na sabuni huuvunja utando huo. Ndiyo maana kipande cha sabuni cha bei ndogo chaweza kuzuia hasara kubwa. Jembe, sepeto na viatu vioshwe vilevile. Banda lifagiliwe, lioshwe kwa sabuni au maji yaliyotiwa jiki, na liachwe wazi jua liingie.

WAKAAO MJINI

Katika mitaa ya Nyeri, Nanyuki, Embu na Meru wako wapangaji wanaofuga kuku wawili watatu nyuma ya nyumba, mahali ambapo chini pote ni saruji. Mtu wa namna hii hana pa kuchimba. Asimtupe kuku wake kwenye jaa la wazi, ambako mbwa na kunguru huja, na ambako watoto wa maskini huokota vitu vya kuuza. Ikiwa mwenye ploti ana kipande cha ardhi, na amwombe ruhusa ya kuzika hapo. Ikiwa hakuna, na aufunge mzoga katika karatasi nyingi ndani ya gunia lililofungwa vizuri, kisha aulize ofisi ya mifugo au ya afya ya kaunti mahali pa kuupeleka. Ni aibu ya dakika chache kubeba kuku aliyekufa mjini. Aibu ya kuleta ugonjwa mtaani hukaa muda mrefu zaidi.

MTOTO NA KUKU WAKE

Sasa na yasemwe machache juu ya mtoto. Wakubwa wengi, wakiona mtoto analia kwa ajili ya kuku, humwambia: "Nyamaza, ni kuku tu." Wengine humficha habari, wakamwambia kuku ametoroka, na mtoto hukaa siku tatu akimwita vichakani. Wengine tena humpika, na mtoto akagundua mezani. Njia hizi zote humfundisha mtoto kwamba wakubwa hawasemi kweli.

Yafaa zaidi aambiwe kwa maneno mafupi kwamba kuku wake amekufa, na kwamba hatarudi. Akiuliza, "Nyanya, tutampeleka wapi?" na ajibiwe kwamba watamzika, na yeye atachagua mahali, ilimradi si karibu na kisima. Asimbusu kuku wala asimshike kwa mikono. Na asimame hatua chache kando wakati mkubwa anapofanya kazi, kisha yeye aweke jiwe la juu. Akitaka kupanda ua au mche kando ya jiwe lile, ni vema. Akimaliza na aoshe mikono kama mkubwa.

Mtu akicheka kuona kuku akizikwa, na afikiri habari iliyotokea karibu na Nanyuki. Katika hifadhi ya Ol Pejeta alikuwako kifaru aitwaye Sudan, dume wa mwisho wa kifaru weupe wa kaskazini. Alikufa tarehe 19 Machi 2018, akiwa na umri wa miaka 45, na watu wa nchi nyingi waliomboleza. Alizikwa palepale katika hifadhi, mahali palipotengwa kwa ukumbusho wa vifaru, na jina lake limeandikwa juu ya jiwe. Ikiwa watu wazima waliosoma na wenye bunduki walimlilia mnyama waliyemlinda, mtoto wa miaka saba ana haki ya kumlilia kuku aliyemlisha kwa mkono wake.

Tena mtoto huyo ni mfugaji wa kesho. Vyama vya 4-K, vilivyoanzishwa shuleni mwaka 1962, vina maneno yao: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Mtoto aliyefundishwa kuzika kuku wake kwa taratibu, na kuosha mikono baadaye, amejifunza somo la afya ambalo halitamtoka, kwa sababu alilisoma siku ya huzuni.

WALIOBAKI HAI

Baada ya kuzika, macho na yageuke kwa waliobaki. Hapa ndipo penye jaribu kubwa kuliko yote. Mama mwenye kuku kumi na wawili, akiona watatu wamekufa, husikia sauti ikimwambia: "Wahi sokoni uwauze hao tisa kabla hawajafa nao." Sauti hiyo si ya mtu mwovu, ni sauti ya mtu anayeona ada ya shule ikitoweka. Lakini kuku hao tisa, wakifika soko la Karatina, huwekwa katika matenga pamoja na kuku wa Mukurwe-ini, wa Kerugoya na wa Mathira. Jioni watakwenda katika nyumba mbalimbali, na ugonjwa utakwenda nao. Fedha alizopata mama mmoja zitakuwa zimelipwa na akina mama wengine, ambao hawakuulizwa. Na mwezi ujao, atakaponunua kuku wa kuanza tena, huenda akanunua ugonjwa wake mwenyewe kutoka kwa yule aliyemuuzia.

Basi kuku waliobaki na wafungiwe ndani, wapewe chakula na maji safi, na wagonjwa watengwe. Asiuzwe, asipewe mtu zawadi, wala asiletwe kuku mpya mpaka daktari wa mifugo aseme. Mtu aliyeshughulikia wagonjwa asiende katika banda la jirani kabla ya kuosha mikono na viatu.

Kinga ya kweli ni chanjo, nayo yatakiwa kutolewa kabla ugonjwa haujaja. Kuku ambaye kirusi kimekwisha kumwingia haokolewi nayo. Chanjo za kideri hutengenezwa hapa Kenya na KEVEVAPI, taasisi ya serikali ya chanjo za mifugo iliyoundwa mwaka 1990. Iko na chanjo ya aina ya I-2, iliyotokana na kazi ya mabingwa wa Australia, inayovumilia joto kuliko nyingine. Kuku hutiwa tone moja jichoni, na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Shida iliyopo ni kwamba kichupa kimoja kina dozi za kuku wengi, na kikisha kufunguliwa chapaswa kutumika siku hiyo. Mwenye kuku wanane huona ni hasara. Dawa ya shida hiyo Wakikuyu waijua tangu kale, nayo ni ngwatio. Kama akina mama walivyosaidiana kulima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho, nyumba kumi na tano zaweza kuchanga fedha, zikakubaliana siku moja, na kuku wote wakachanjwa kwa kichupa kimoja.

Haya ndiyo yaliyokusudiwa kusemwa. Kuku akifa, asiliwe, asiuzwe, asipewe mbwa, wala asitupwe. Itazamwe kwanza sababu ya kufa kwake. Wakifa wengi, habari ipelekwe siku ileile. Azikwe futi tatu, mbali na maji, na mikono ioshwe kwa sabuni. Mtoto aambiwe kweli. Waliobaki wafungiwe, na wazima wa kijiji wachanjwe kabla ya msimu mwingine wa ugonjwa. Mwenye kufanya hivyo hulinda banda lake na la jirani yake kwa jembe moja na kipande cha sabuni.